Tisini na Sita kwa Nne

Daktari Hrant anainua picha mbele ya taa.
"Tazama, mama Nvard. Nyonga ni safi.
Mfupa uliunga zamani, hauna ufa."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu:
"Kutoka sifuri hadi kumi, leo maumivu ni ngapi?"

Hajui kwamba nilikutwa nikihesabu.
Desemba, darasa la pili,
mji wetu wa Gyumri ungali na jina la mtu mwingine.
Mwalimu Arshaluys ameandika ubaoni
tisini na sita, gawanya kwa nne,
akaniita mimi.
Nikainuka, goti moja bado liko juu ya benchi,
jibu li shavuni kama peremende ya kuiba.
Sakafu ikatangulia kujibu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema watu.
Basi mimi ni shahidi asiyetakiwa na upande wowote:
nilizikwa, nikatoka,
jioni ya siku ya pili,
kwa mikono ya wachimba mgodi nisiowauliza majina.

Kule chini Shushan alikuwa ubavuni kwangu, kushoto.
Kwanza aliomba maji.
Kisha akasema mguu wake umetangulia nyumbani,
akacheka kidogo,
akalala.
Juu yetu injini zikazimwa. Mtu akapaza sauti:
Nyamazeni! Nyamazeni tusikie!
Mji mzima ukabana pumzi kulisubiri koo langu,
nami sikutoa hata kikohozi.
Nilichelea kumwamsha.

Nyonga haikuuma miaka ile.
Tuliwekwa kwenye kontena la bati, kwa muda, walisema.
Muda ukaota kutu,
ukaniozesha mume, ukanizalia mabinti wawili,
na mimi nacheza, nabeba ndoo, napanda paa kufagia theluji.
Ilianza mwaka tulipopewa nyumba ya mawe,
yenye watu wanaoishi juu ya kichwa changu.
Usiku wa kwanza jirani aliburuta kiti.
Asubuhi sikuweza kuvaa soksi.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Mimi lori likipita barabarani
vikombe hutetema kabatini,
na kushoto, pale pale, mtu huingiza kisu
taratibu, kama anayetafuta tundu la funguo gizani.
Nakanda unga kwa mguu mmoja, korongo wa jikoni.
Vazgen hukaanga chumvi, akaitia ndani ya soksi,
akaniwekea ikiwa moto.
Hasemi kitu. Yeye alimchimbua dada yake.

"Neva zako," anasema daktari, kijana,
aliyezaliwa vifusi vimekwisha kuzolewa,
"zilijifunza hatari zikakataa kusahau.
Si kwamba unajisingizia. Ni kengele iliyokwama."

Kengele!
Ilibaki dakika chache tu igongwe, twende mapumzikoni.
Nilikuwa na mkate na jibini, nusu yake ya Shushan.

Labda kweli imekwama.
Au labda nyonga inapiga ule ukelele nilioumeza,
miaka thelathini na zaidi baada ya injini kuwashwa tena,
na haina habari kwamba waliokuwa wakisikiliza
wamekwenda makwao, wamezeeka, wengine wamekufa.
Sijui. Siku nyingine ni baridi tu.

Kalamu yake inangoja juu ya karatasi.
"Ishirini na nne," namwambia.
"Mwisho ni kumi, mama."
"Najua."

Ananitazama. Haandiki.
Nyonga inauma vilevile, haikusikia kitu.
Nashuka ngazi kidogo kidogo, kiganja ukutani,
na katikati ya ngazi nasimama,
si kwa kuchoka,
nasikiliza.